Mabehewa Madogo Yataka Kipimo cha Haki

Maneno ya mazungumzo kwa watu wa Sironga, juu ya kuunda na kupaka rangi mifano ya magari ya reli



Neno la leo laweza kuwashangaza wengi, kwa kuwa ni habari ya magari ya reli, nayo yaletwa mahali pasipo reli. Mtu akisimama juu ya vilima vya Nyamira huona majani ya chai, migomba na barabara. Hasikii honi ya gari la moshi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani Kisumu mwezi wa Desemba, 1901, wala haikupanda kuingia nchi ya Wagusii. Aliyetaka kusafiri kwa reli alilazimika kwanza kuteremka mpaka Kisumu, au kushika njia ya Kericho mpaka stesheni ya Lumbwa, ambayo siku hizi yaitwa Kipkelion.

Basi, kwa nini kuwaambia watu wa Sironga habari ya mabehewa? Kwa sababu kazi itakayoelezwa hapa haihitaji reli kupita mlangoni. Yahitaji meza, taa nzuri, rula, kisu, gundi, brashi, na subira. Ni kazi ya kuunda behewa dogo linalofanana na lile kubwa kwa kila kipimo, na kulipaka rangi yake ya haki. Katika Uingereza, Ujerumani, Marekani na Japani wako watu wazima wengi sana, wenye kazi zao na jamaa zao, ambao jioni hukaa mezani wakiifanya. Katika Afrika ya Mashariki kazi hii ina haja yake ya pekee: magari mengi yaliyobeba watu na mali katika nchi hizi yamekwisha kukatwa na kuuzwa kama vyuma vikuukuu, na sura zake zitasahauliwa zisipowekwa mahali na mtu mwenye mkono wa uangalifu.

MELI ILIYOKUJA VIPANDE VIPANDE

Mafundi wa kazi hii hununua sanduku lenye vipande vya behewa, ambavyo havijaunganishwa, pamoja na karatasi ya maelezo. Mtu asidhani kuwa jambo hili ni geni katika upande huu wa nchi. Meli ya kwanza kubwa ya moshi katika ziwa Victoria, iliyoitwa William Mackinnon, ilitengenezwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Mombasa, na vipande vyake vikasafirishwa kuja ziwani. Huko Kisumu mafundi waliiunganisha upya, ikashushwa majini mwaka 1900, kabla reli yenyewe haijafika. Miaka sitini baadaye ikaja meli Victoria kwa njia ile ile: ilitengenezwa Scotland, ikafunguliwa, ikapakiwa baharini, ikapanda gari la moshi kutoka Mombasa, ikaunganishwa Kisumu, na mwaka 1961 ikaanza kazi.

Katika ziwa Tanganyika mambo yalikuwa hivyo hivyo. Meli ambayo leo yaitwa Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikafikishwa Kigoma kwa reli, na mwaka 1915 ikaelea.

Fikirini kazi ile. Bamba moja likiwekwa mahali pa jingine, matundu ya misumari hayalingani. Kipande kimoja kikipotea njiani, kazi yote yasimama. Kwa hiyo kila kipande kilihitaji alama yake, na kila fundi alihitaji kufuata taratibu. Kijana afunguaye sanduku dogo la behewa yuko chini ya sheria ile ile: asome karatasi yote kabla ya kushika kisu; ahesabu vipande; avitenge katika vifuniko vya mikebe kwa namna zake; na asikate kipande kutoka katika tawi lake mpaka siku ya kukitumia, kwa maana namba yake imeandikwa kando yake kwenye tawi lile, nacho kikisha katwa hakina jina tena.

KIPIMO NI NINI

Masanduku ya plastiki ya namna hii yalienea sana Uingereza tangu mwaka 1959, ilipotokea jamii ya vifaa iliyoitwa Kitmaster. Mwishoni mwa mwaka 1962 kazi ile ikanunuliwa na kampuni ya Airfix. Kati ya magari ya Kitmaster lilikuwamo moja la aina ya Beyer-Garratt, yaani gari la moshi lenye injini mbili na tanki moja la mvuke kati yake. Wazee waliosafiri katika Kenya au Uganda zamani walilijua gari la namna hii kwa macho, maana kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester ndicho kilichotengeneza magari makubwa kuliko yote ya Reli ya Afrika ya Mashariki.

Sasa, juu ya sanduku huandikwa namba kama 1:87 au 1:76. Maana yake si ngumu. Namba 1:87 yasema kwamba kila kitu katika mfano kimepunguzwa mara 87. Reli pana ya kule Ulaya, ambayo ina milimeta 1,435 kati ya chuma na chuma, ikigawanywa kwa 87 yapata milimeta 16.5, na hivyo ndivyo reli yao ndogo ya mezani ilivyo. Waingereza hutumia zaidi 1:76, lakini huliendesha behewa lao juu ya reli ile ile ya milimeta 16.5, ingawa kwa haki ingekuwa karibu milimeta 19. Kwa hiyo hata huko kwenye asili ya kazi hii wamo watu ambao kila siku hulalamika kwamba mabehewa yao yasimama juu ya reli nyembamba mno.

Reli ya zamani ya Kenya, Uganda na Tanganyika haikuwa ya milimeta 1,435. Ilikuwa ya mita moja kamili, na bado iko. Reli ile pana ilianza kuchukua abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Hii ya mita moja ikipunguzwa mara 87 yapata milimeta 11.5, na mafundi wa Ulaya huchukua milimeta 12 kuwa ndiyo kipimo chake.

Kwa fundi wa Sironga mwenye rula ya shule tu, kiko kipimo kingine chepesi zaidi, nacho ni 1:50. Hapo mita moja ya reli ni sentimeta 2 kamili. Behewa la urefu wa mita 10 ni sentimeta 20. Kitu cha sentimeta 10 ni milimeta 2. Mtoto wa darasa la tano aweza kufanya hesabu hiyo bila kukosa.

SANDUKU LA WATU WENGINE

Hapa ndipo penye neno kubwa la mazungumzo haya. Sanduku linunuliwalo dukani ni zuri kwa kujifunzia mkono, lakini behewa lililomo ndani yake ni la nchi nyingine. Mtu akiliunganisha vizuri, kisha akalipaka rangi ya Afrika ya Mashariki na kuliandika herufi zake, hajafanya behewa la Afrika ya Mashariki. Amelivika behewa la Kiingereza kanzu ya kuazima.

Tazameni tofauti zake. Kwanza, upana wa reli, kama ulivyoelezwa. Pili, behewa la Kiingereza la zamani lina bafa mbili mbele na mbili nyuma, kushoto na kulia, za kuzuia kishindo. Lakini behewa la reli ya mita moja lina kiungio kimoja cha katikati, ambacho huunganisha na kuzuia kishindo pia. Tatu, gari la Garratt lililomo katika sanduku la Kitmaster lilikuwa la kuchoma makaa ya mawe. Yale magari makubwa ya Afrika ya Mashariki ya daraja la 59 yalichoma mafuta mazito. Fundi akijaza makaa nyuma ya gari la daraja la 59, kila mzee aliyefanya kazi ya reli atacheka, na atakuwa na haki ya kucheka.

Magari hayo ya daraja la 59 yalikuwa 34, yakatengenezwa mwaka 1955 na 1956. Kila moja lilipewa jina la mlima wa Afrika ya Mashariki. Urefu wake ulipita mita 31, na uzito wake, likiwa tayari kwa safari, ulikuwa karibu tani 252. Hapakuwa na gari la moshi kubwa kuliko hayo katika reli za mita moja duniani. Kufika mwaka 1980 yote yalikuwa yamekwisha kuondolewa kazini. Katika hayo 34 yamebaki mawili tu, namba 5918, Mount Gelai, na namba 5930, Mount Shengena, katika makumbusho ya reli Nairobi. Mengine 32 yamekwenda.

Ikiwa magari yenye majina ya milima yalipatwa na hayo, je, behewa la kawaida la kubebea mahindi, au la ng'ombe, au la mafuta, ambalo halikupewa jina wala halikupigwa picha na msafiri? Hayo ndiyo yaliyobeba kazi yote, na hayo ndiyo yapoteayo kwanza. Hakuna kiwanda cha ng'ambo kitakachoona faida kutia behewa la ng'ombe la Afrika ya Mashariki katika sanduku. Kazi hiyo itafanywa na watu wa hapa, au haitafanywa.

KUPIMA KABLA YA KUKATA

Basi fundi na aanze kwa daftari. Makumbusho ya reli yaliyofunguliwa Nairobi mwaka 1971, karibu na stesheni kuu, yana magari na mabehewa halisi ambayo mtu aweza kuyazunguka na kuyatazama kwa karibu. Limo behewa la abiria ambalo bwana Charles Ryall, mkubwa wa polisi wa reli, alikuwa amelala ndani yake katika stesheni ya Kima, usiku wa tarehe 6 Juni, 1900, simba alipoingia akamchukua. Watu wengi huenda kulitazama kwa sababu ya habari hiyo ya kutisha. Fundi wa mifano hulitazama kwa sababu nyingine pia: madirisha ni mangapi, mbao za ubavuni zimelala au zimesimama, ngazi iko umbali gani kutoka pembeni.

Shule ikipanga safari ya Nairobi au Kisumu, wanafunzi wawili watatu wapewe kazi hii, na wagawane: mmoja ashike utepe wa kupimia, mmoja aandike, mmoja achore. Wapime urefu, upana, kimo kutoka juu ya reli, upana wa mlango, umbali kati ya gurudumu na gurudumu. Waandike namba iliyo ubavuni na tarehe ya siku ile. Mahali popote penye magari yanayofanya kazi, ruhusa iombwe kwanza kwa mkubwa wa stesheni, na mtu asikanyage reli wala kupita chini ya behewa hata kama lasimama kimya. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na behewa lililopimwa na kuandikwa, hata likikatwa kesho, laweza kuundwa tena kwa udogo.

Kadhalika waulizwe wazee. Katika kila tarafa yumo aliyefanya kazi ya reli, au aliyepakia magunia Kisumu, au aliyesafiri kwenda kutafuta kazi. Mzee huyo huenda asijue milimeta, lakini atajua kama mlango ulisukumwa kando au ulifunguliwa nje, na kama ndani mlikuwa na benchi. Aulizwe kwa heshima, na maneno yake yaandikwe.

BEHEWA LA MBAO NA BATI

Asiye na fedha ya kununua sanduku asikate tamaa. Behewa la mizigo lenye paa, kwa kipimo cha 1:50, laweza kuundwa kwa mbao nyembamba, karatasi ngumu, na bati la mkebe.

Chukua mfano wa behewa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 2 na nusu. Sakafu yake itakuwa ubao wa sentimeta 20 kwa sentimeta 5. Kuta nne zikatwe kwa karatasi ngumu au mbao nyembamba, na mistari ya mbao ichorwe juu yake kwa ncha butu kabla ya kuziunganisha, maana baada ya hapo mkono haufiki vizuri. Kuta ziunganishwe juu ya kipande cha kioo kilicholala sawa, na kila pembe ipimwe kwa skwea ya seremala. Kosa la milimeta moja katika kipimo hiki ni kosa la sentimeta tano katika behewa kubwa, nalo laonekana. Paa la bati la mkebe likunjwe taratibu juu ya chupa ili lipate mviringo wake. Na makali ya bati yapigwe tupa, yasije yakamkata mtoto.

Magurudumu ndiyo huharibu vigari vingi vya watoto. Mtoto hupenda kutumia vizibo vya soda. Kizibo kina upana unaozidi milimeta 25; katika kipimo cha 1:50 gurudumu hilo lingekuwa na zaidi ya mita moja na robo, ambalo ni kubwa mno kwa behewa la mizigo. Gurudumu la sentimeta 75 likipunguzwa mara 50 huwa milimeta 15. Basi na likatwe kutoka katika fimbo ya mviringo ya mti mgumu, litobolewe katikati kabisa, na lipigwe msasa. Mhimili wake waweza kuwa kipande cha spoki ya baisikeli. Magurudumu yote manne yakiwekwa juu ya kioo yapaswa kugusa pamoja. Moja likielea hewani, behewa litaanguka kwenye reli katika kona ya kwanza.

Wenye masanduku ya plastiki nao wana adabu zao. Vipande vyote vioshwe kwa maji ya sabuni na kukaushwa, maana hutoka kiwandani vikiwa na mafuta membamba yanayokataa rangi. Kipande kijaribiwe mahali pake kikiwa kikavu kabla ya kutia gundi. Gundi ya plastiki haishiki kama uji ushikavyo karatasi. Huyeyusha plastiki kidogo na kuifanya kuwa kitu kimoja. Tone likianguka ubavuni halifutiki, huacha kovu. Kwa hiyo itiwe kidogo kwa ncha ya brashi, madirisha ya chumba yakiwa wazi, kwa sababu harufu yake si nzuri kwa kifua. Kisu kikate kuelekea mbali na vidole siku zote.

JIWE LA TABAKA NDANI YA BEHEWA

Liko jambo moja la hesabu ambalo huwatatiza wanaoanza. Kitu kikipunguzwa mara 50 kwa urefu, hupunguzwa pia mara 50 kwa upana na mara 50 kwa kimo. Kwa hiyo uzito wake hupungua mara 125,000. Gari la daraja la 59 lenye tani 252 lingekuwa na kilo 2 tu. Behewa tupu la tani 10 lingekuwa na gramu 80, kama mhindi mdogo usio na majani. Kitu chepesi namna hiyo hakitulii juu ya reli. Huruka kwenye kila kiungo. Ndiyo maana mafundi wote duniani hutia uzito ndani ya mabehewa yao, chini kabisa, karibu na sakafu.

Wazungu hutumia risasi au vipande vya chuma. Watu wa Gusii wanacho kitu cha kwao: lile jiwe laini la Tabaka, ambalo mafundi wake huchonga vikombe, wanyama na sanamu zinazouzwa duniani kote. Ni zito kuliko mbao mara nyingi, hukatika kwa msumeno, na huchongeka kwa kisu mpaka likaenea mahali palipotakiwa. Kipande chake kikibandikwa juu ya sakafu kabla ya kufunga paa, behewa hutulia. Na aliye karibu na wachongaji hao atajifunza kwao jambo jingine: hupiga msasa kwa maji, wa kukwaruza kwanza na laini baadaye, wala hawaharakishi hatua hata moja, kwa kuwa mng'aro wa mwisho hauwezi kuficha mkwaruzo wa kwanza. Rangi ni vivyo hivyo.

RANGI NA HERUFI

Rangi nyembamba mara tatu hushinda rangi nzito mara moja. Rangi nzito huziba mistari ya mbao na vichwa vya misumari ambavyo fundi alivitolea jasho. Kwanza itiwe rangi ya chini, ya kijivu, ili makosa yote yaonekane. Penye ufa pazibwe, penye kilima papigwe msasa. Kisha rangi yenyewe, na kila mara ikauke kabisa kabla ya nyingine. Behewa lenye rangi mbili lianze na ile nyeupe zaidi. Ikisha kauka, mpaka uwekwe kwa utepe wa kunata uliopunguzwa ukali kwa kuubandika kwanza kwenye kiganja, ndipo rangi ya giza ifuate.

Magari ya daraja la 59 yalipakwa rangi ya damu ya mzee. Si nyekundu ya kitambaa cha sikukuu, wala si kahawia. Fundi achanganye kidogo kidogo, na ajaribu kwenye kipande kibovu, akilinganisha na picha au na gari lenyewe mchana wa jua.

Herufi nazo zina miaka yake. Tangu mwaka 1948 reli na bandari zilikuwa shirika moja la Afrika ya Mashariki; mwaka 1969 bandari zikatengwa; mwaka 1977 shirika la reli likavunjika, kila nchi ikachukua yake. Fundi hana budi kuchagua mwaka mmoja na kuushika. Akiandika herufi za Reli ya Kenya ubavuni mwa gari ambalo amelipaka na kulipanga kama la mwaka 1956, ameweka uwongo mezani, na mtoto atakayeutazama ataupokea kama kweli.

Mwisho ni uchafu wa kazi. Behewa halisi halikai jipya. Udongo mwekundu wa Voi na Tsavo hupanda ubavuni kutoka chini. Masizi ya mafuta hushuka juu ya paa. Udongo uliochekechwa kwa kitambaa chembamba, ukapakwa kwa brashi kavu, halafu vanishi isiyong'aa ikatiwa juu yake, hulifanya behewa la mbao na mkebe lionekane kama limetoka Mombasa jana. Lakini uchafu usitumiwe kuficha gundi iliyomwagika, kwa kuwa macho hutambua.

KAZI HII YAFAA NINI

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya watu walioshiba, na kwamba mtu mzima kukaa na kigari mezani ni utoto. Swali hilo ni la haki, na lijibiwe. Kazi hii haimtajirishi mtu, na anayeianza kwa kutaka fedha ataiacha mapema. Lakini msichana wa sekondari ya Sironga aliyeunda behewa moja kwa kipimo cha 1:50 amekwisha kujua kusoma mchoro, kugeuza kipimo, kukata pembe iliyo sawa, kungoja gundi ikauke, na kuuliza swali kabla ya kukata. Mambo hayo ndiyo hutakiwa kwa seremala, kwa mchomeleaji, kwa mwashi na kwa mhandisi. Yeye ameyapata kwa mkebe na kipande cha ubao, na kosa lake limemgharimu ubao mmoja, si nyumba nzima.

Tena kuna jambo lisilonunuliwa. Mtoto wa hapa hujifunza shuleni kwamba reli ilibeba kahawa na pamba, askari wa vita na vibarua wa mashamba. Husoma, hujibu mtihani, husahau. Mtoto huyo akishika mkononi behewa lenye upana wa sentimeta tano, akaambiwa hesabu ya kulirudisha katika ukubwa wake, atajua ni watu wangapi walioweza kusimama ndani yake. Hapo ataanza kuuliza babu yake maswali ya kweli.

Basi shauri la mazungumzo haya ni dogo. Isitafutwe treni nzima. Shule moja iunde behewa moja, lile ambalo wanafunzi wake wamelipima wenyewe, nalo liwekwe katika kabati pamoja na daftari la vipimo, majina ya waliolipima, na tarehe. Mwaka ufuatao darasa jingine liunde la pili. Kipimo cha kila moja kiwe kile kile, 1:50, ili yaweze kusimama juu ya reli moja ya sentimeta mbili. Behewa likivunjika, daftari litaliunda tena. Na daftari lisipokuwapo, hata behewa zuri litakuwa kitu cha kuchezea tu, kwa kuwa hakuna atakayejua kama lasema kweli.

Kwa herini.